Nilivyotawanya Ng'ombe wa Baba Mkwe

Jumamosi, Nyahanga

Gari bado nalipenda, ingawa leo nusura linikoseshe mke.

Ni dogo, liko chini, lakini linanguruma kama lori la mgodini. Nilipofika kwao mchumba wangu Kabula kujitambulisha, nikakanyaga mafuta makusudi ili baba yake asikie. Akasikia. Ng'ombe wake nao wakasikia, wakavunja zizi na kutokomea kwenye majaruba ya mpunga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Gari lako lina mbio, kawarudishe."

Jaruba la kwanza tu, gari likalalia tumbo kwenye tope. Nikavua viatu, nikakimbiza ng'ombe mpaka jioni, Kabula akicheka hadi machozi.

Mzee akanitazama nilivyochafuka.

"Huyu anafaa," akamwambia Kabula. "Ila siku ya mahari aje kwa miguu."