Aliyepita kwa Jina la Chebet

Eldoret,
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Magoti yanaendeleaje? Ciku amepona homa? Mimi ni mzima, na ndoa ni tamu, Mama! Kigen hunichemshia chai kila asubuhi, na nikisikia pikipiki yake langoni moyo unaruka.

Najua uliapa hutakanyaga Eldoret tena, hata kwa harusi yangu. Sikukulaumu. Lakini tafadhali soma hadi mwisho.

Jana nilimwomba Kigen anieleze anachofundisha chuoni. Akasema ni programu za kompyuta zinazotumiana ujumbe kwa zamu. Ukitaka kuondoa moja na kuweka nyingine mahali pake, kompyuta hukagua kwanza: ile mpya lazima iweze kupokea kila ujumbe ambao ya zamani ilipokea, hata ikiweza zaidi, lakini isitume chochote ambacho ya zamani isingetuma. Hapo mazungumzo hayakwami. Nikamwambia hiyo ni sheria ya bibi harusi kwa mama mkwe: pokea yote, sema machache!

Alicheka, kisha akasema aliielewa kabla ya chuo, kutoka kwa mama yake. Wakati wa vita vya uchaguzi, mama yake alimkuta mtoto wa Kikuyu akilia sokoni Kapseret. Vijana wageni walikuwa wamefunga barabara ya mjini. Akampa yule mtoto sweta na jina la binti yake, Chebet, na Chebet mwenyewe akamwacha kwa jirani wasionekane Chebet wawili. Akamfundisha aitikie kila salamu ya Kikalenjin, asiongeze neno. Kwenye kizuizi mtoto akafungua mdomo kusema, naye mama akamtia mdomoni kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa. Vijana wakacheka kwamba huyu Chebet atamaliza maziwa ya boma zima, wakawapisha.

Mama, nilisikia ladha ya mkaa ulimini. Nikamwambia sweta lilikuwa la kijani, kifungo cha juu hakipo. Kigen aliangusha kikombe.

Mtoto yule alikuwa mimi.

Yule mwanamke aliyenifikisha kanisani uliponipata, unayemwombea miaka yote bila kumjua jina, ndiye uliyekataa kumpa mkono siku walipoleta posa kwako.

Mama mkwe bado hajui. Kigen alitaka kukimbia kumwambia, nikamzuia. Leo alinisalimia kwa mikono yote miwili, nikashindwa kuiachilia. Nataka ayasikie kutoka kwako. Njoo, Mama. Nitakungoja stendi.

Wasalimie Ciku na Mungai, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi binti yako,
Nyaguthii