Nguzo Katikati ya Sebule

Makambako, Jumapili baada ya misa

Mume wangu Baba Upendo,

Kamwene. Mguu unaendeleaje? Bado unavimba jioni, au dawa za masista zimesaidia? Usishike jembe, viazi vingoje. Mimi ni mzima, ila moyo umechoka. Juzi nilikukatia simu kwa hasira kabla sijakueleza, ndiyo maana leo nakuandikia.

Ni hivi. Injinia uliyesema aje kabla hatujapandisha ghorofa alifika Alhamisi. Akatazama ramani aliyotuchorea Festo, mtoto wa mdogo wako, akatazama msingi. Halafu akaenda kusimama katikati kabisa ya sebule. "Mama, nguzo itakaa hapa nilipo."

"Hapo si ndipo tutakapokaa sisi?"

"Juu kuna ukuta mzito, na chini yake hakuna cha kuubeba. Ningekuwepo siku mnachora, tungeusogeza kidogo, nguzo ikajificha ukutani. Mmeniita msingi umeshakauka."

Nikampigia Festo. Eti, "Mama mkubwa, mimi nachora nyumba ipendeze. Kusimama ni kazi ya injinia."

"Na kuwakutanisha ni kazi ya nani, Festo? Yangu?"

Baba Upendo, sebule ile tuliitaka pana kwa ajili ya shughuli. Upendo atakuja kuposwa pale. Wazee wa kijana wakae huku, sisi kule, tuwe tunachunguliana pembeni ya zege kama watoto wanaocheza kujificha? Na jumuiya ikija kusali, nusu waione nguzo, nusu wamwone katekista?

Fundi alitaka kumwaga zege la nguzo kesho. Nimemkatalia, amenuna, anune hukohuko. Nimewaita Festo na injinia Jumatano, wakae meza moja, ramani katikati yao, kama walivyotakiwa kukaa tangu mwanzo. Ikibidi kuvunja kipande cha msingi, kivunjwe sasa. Festo anaona aibu kuchora upya, atakupigia wewe, na ulimi wake mtamu unaujua. Mwambie aje na kalamu.

Msalimie mama mkwe wangu, sweta lake nimeshalipata. Msalimie na jirani Mama Tumaini anayekuchotea maji. Upendo mbusu, ila habari hii asiisikie bado.

Lakini ukimwambia Festo fundi aendelee, mimi napanda gari narudi huko Uwemba, wewe uje huku ukae na nguzo yako.

Ni mimi mkeo, ninayekuwaza hata nikiwa nimekasirika,
Mama Upendo