Kulthumu Mdogo wa Malaba

Malaba,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na amani ya Mungu ikufikie hapo ulipo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, si jikoni, maana dada Mwanasha ameniambia goti limeanza tena nawe hutaki kupumzika. Linaendeleaje? Na wale mbuzi? Minazi ya nyuma imeshakwewa, au bado mnamngoja Hamisi na ahadi zake? Mimi na Bakari wazima. Huku mvua haitaki kwenda kwao. Matope mpaka kwenye fundo la mguu, na malori yamepanga foleni kutoka mpakani mpaka kule usikoweza kuona mwisho. Madereva wakikwama wanakula, kwa hiyo pilau yangu hailali.

Barua nampa dereva mmoja wa Likoni anayekula kwangu kila anapopita. Simu unaisikia nusu, na habari hii sitaki uisikie nusu. Mwanasha akusomee polepole.

Mama, nimezalisha.

Usishtuke. Si kuzaa, nimesema kuzalisha. Unamkumbuka Amoit niliyekusimulia, yule Mteso anayeuza ndizi na njugu kwa madereva, anayeweka kikapu chake mbele ya kibanda changu? Mwezi uliopita, asubuhi ya saa nne, nilikuwa nachambua mchele nikamwona ameshika nguzo ya kibanda kwa mikono miwili. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Mama Pwani, hii mtoto haingoji."

Nikamwita kijana wa bodaboda. Akaja, akatazama barabara, akatikisa kichwa. Lori kubwa lilikuwa limeteleza likakaa mkingamo, mbele hakupiti hata baiskeli. Akasema atazunguka kwa njia ya mashambani amlete muuguzi. Mimi nikabaki na Amoit, sufuria ya maji ya chai, na madereva watano waliokuwa wanakunywa. Nikawaambia, "Wanaume, tokeni, mshike turubai, na mgeuze migongo!" Mama, walitii kama watoto wa chuo cha Kurani. Walisimama mvuani wameshika lile turubai kuzunguka kibanda, mmoja wao, Mganda mnene, anasali kwa sauti.

Unajua sijapata mtoto wangu. Lakini nimekaa nyuma yako mara ngapi, nimeshika taa na kitambaa, ukiwazalisha wanawake wa Gazi? Nilinawa kwa sabuni mpaka kiwiko kama wewe. Nilimwambia Amoit maneno yako yaleyale, "Usisukume mpaka mwili ukuombe." Katikati ya uchungu akanishika kanga akaniuliza, "Wewe unaitwa nani? Miaka yote naita tu Mama Pwani."

Nikamwambia, "Kulthumu."

"Kulusumu," akasema, na hapo hapo kichwa kikatokeza.

Msichana, Mama. Alilia kabla sijamfuta. Nilimlaza kifuani kwa mamake nikawafunika kwa kanga zangu mbili. Kitovu sikukigusa mpaka muuguzi alipofika na matope usoni. Akawakagua wote wawili, akasema kazi imefanywa vizuri. Madereva wakapiga honi foleni nzima. Nikaenda nyuma ya kibanda nikalia peke yangu, sijui kwa furaha au kwa nini.

Sasa ndipo mambo yalipoanza. Siku ya tatu Amoit akaniletea habari kwamba mtoto ataitwa Kulthumu, na mumewe, anayefuata samaki Osieko kule ziwani, amekubali kwa simu. Nilifurahi hata nikaunguza vitunguu. Jina la mama yako, Mama! Nilidhani litaishia kwangu.

Lakini kila mtu alikuwa na lake la kusema. Shemeji yake Amoit, Petero, ni katekista. Alikuja kibandani akaagiza chai, akakaa kwa adabu sana. "Mama Pwani, usiskie vibaya. Hii ni jina ya Kiislamu. Padre ataniuliza, na mimi ndiye nafundisha watu majina ya watakatifu."

Mume wangu naye alikuwa na lake. Kumbe Wateso wana mila ya kumpa mtoto jina: bibi anachovya kidole kwenye pombe ya wimbi, yaani ulezi, anakiweka kinywani mwa mtoto huku akitaja jina. Mtoto akinyonya, jina limekubaliwa. Akikataa, linatajwa jingine. Bakari aliposikia akaweka kijiko chini. "Jina la binti wa Mtume, mtoto alambishwe pombe? Kulthumu, hapana. Hapo simo."

Nikamwambia akamuulize shekhe. Akaenda alasiri, akarudi amenuna. "Amesemaje?" "Amecheka tu. Amesema jina zuri halipungui likibebwa na jirani. Lakini pombe, hapana." Basi nusu ameshinda yeye, nusu nimeshinda mimi.

Aliyebaki ni bibi wa mtoto, mama mkwe wa Amoit. Wateso bibi wanamwita tata, nami namwita hivyo. Huyo ndiye mwenye neno. Jumamosi iliyopita tukaenda kwake, mimi na Bakari, ambaye alisema anakuja kunisindikiza tu na atasimama nje. Nilibeba tende zilizosalia za Ramadhani, maana mtu haendi mikono mitupu.

Tata ni mwembamba, mrefu, hana haraka. Alinitazama kutoka miguuni mpaka mtandio. "Asante kwa mtoto," akasema. "Lakini kwetu jina ni ya mtu. Mtu wa ukoo alikufa, tunaita jina yake asipotee. Hii Kulusumu ni ya kitabu. Ni mtu gani?"

Mama, niliona nikianza kueleza binti wa Mtume nitakuwa nashindana na Petero, aliyekuwa amekaa pale na Biblia yake. Nikamwambia ukweli mwingine. Nikamwambia, kabla yangu ni jina la bibi yangu, aliyezaa mama yangu.

"Amekufa?"

"Amekufa, Tata. Nilikuwa mdogo."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa mkunga. Alimfundisha mama yangu, na mimi nikajifunza kwa kumwangalia mama yangu."

Tata akapiga paja lake. "Basi si wewe ulizalisha huyu mtoto. Ni yeye alikuja, akatumia mikono yako. Petero, huyu ni mtu. Ako na kazi yake, ako na watoto wake. Padre mpe jina yake, Elizabeti, Veronika, hata kumi. Lakini nyumbani mimi nataka hii."

Petero akafunga Biblia yake. Akasema, "Veronika ni nzuri."

Ikabaki pombe. Chungu kilikuwa kimeshawekwa katikati ya nyumba. Nikasema kwa woga, kwetu pia mtoto mchanga hutiwa kitu kinywani, ila ni tende iliyolainishwa, inagusishwa kidogo tu kwenye kaakaa. Tata akaomba aione. Akaonja, akafumba macho. "Hii mlikuwa mnaficha wapi?" Akasukuma chungu pembeni, akasema watu wazima watakishughulikia baadaye.

Akaanza na majina ya wazee wao, kwa heshima. Akachovya kidole kwenye ile tende, akakitia kinywani mwa mtoto, akataja jina la mama yake mzazi: mtoto akakunja uso. Akataja wa pili: mtoto akalia. Tata akachovya tena, akasema, "Kulusumu," na mtoto akakishika kile kidole kwa ufizi akanyonya, akanyonya, mpaka Tata akacheka akashindwa kukitoa. Najua utasema alikuwa amezoea ladha. Mimi pia nimewaza hivyo. Lakini vigelegele vilipopigwa niligeuka nikamwona Bakari ameshaingia ndani bila viatu, anajipangusa macho kwa kofia.

Ubatizo ni baada ya mavuno: Veronika Kulthumu. Nimealikwa nipike pilau ya watu wote, na Petero ndiye aliyeiomba.

Mama, kama nimekosea popote, nirekebishe, ila nirekebishe kwa upole. Msalimie dada yangu Mwanasha, mwambie ajifunze kusoma bila kukimbia. Msalimie kaka Athumani na darasa lake la chuo, na mjomba Salimu wa dukani. Bakari anakuamkia, anasema goti ulisugue kwa mafuta ya nazi ya moto.

Na Tata amenituma. Amekufungia wimbi kwenye kitambaa, liko kwa dereva. Kisha akaniuliza, "Mama yako, mama yake alikuwa huyu Kulusumu?" Nikasema ndiyo. Akasema kwa sheria ya kwao mambo yamebadilika: umepata mama tena, ana wiki tano, hana jino hata moja, na anataka kujua utakuja lini kumbeba.

Mwanao akupendaye,
Kulthumu