Uliyoyaandika Chini ya Picha ya Duka la Shangazi

Nyumba ya kona, nyuma ya posta
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, hasira baadaye. U hali gani huko ugenini, na kile kifua kimepona? Sisi wazima. Baba goti linamsumbua lakini anatembea. Shangazi haumwi, ila chakula hakipiti.

Ulisikia redio ilitangaza kuwa duka lake la mikate limefungwa kwa uchafu. Lililofungwa ni la jirani, mtangazaji alichanganya. Nikaenda na Shangazi kituo cha redio. Tulikalishwa kwenye benchi asubuhi nzima kama waomba kazi, na mhariri alitupokea kwa kiburi chake chote. Lakini alitusikiliza. Kesho yake walisahihisha, wakampa Shangazi dakika mbili hewani. Walimkatiza, sawa, ila kosa lilikuwa na mwenyewe na ofisi yake tuliijua.

Mtandaoni je? Picha ya kibao cha duka lake, na uongo ule chini yake, inazunguka mpaka leo. Kila mtu ana la kusema, hakuna wa kuulizwa. Shangazi aliandika maelezo kwa kidole kimoja, yakafunikwa na vichekesho. Nikajipa moyo kwamba hao hawamjui.

Kisha nikaona maneno yako: “Hata sishangai. Mimi mtoto wa kaka yake, niliwahi kukuta kifungo cha shati ndani ya mkate.” Na vikatuni vya kucheka juu yake. Najua ni utani wetu wa mezani, hata yeye huucheka. Wewe umewapelekea watu wasiokaa mezani kwetu. Wateja walioanza kurudi sasa wanasema hata damu yake imethibitisha. Hoteli iliyokuwa ikichukua mikate kila alfajiri imeacha.

Nimekukasirikia, tena sana. Ulitaka kuchekesha wageni, ukamharibia riziki aliyekulea. Naye bado anakutetea: “Mwacheni, kazoea kunitania.” Hilo linaniuma kuliko yote.

Usifute tu ukajikausha. Kituo kina kipindi cha wasikilizaji Jumatano asubuhi. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Anayepiga hutaja jina lake kamili. Piga, ujitaje, useme ulitania.

Baba anakusalimu, na binamu mshonaji, na Kipara wa duka la vyombo. Mungu akulinde, akupe na haya kidogo. Shangazi pia anakusalimu, na ameniomba nisikuandikie haya. Jumatano atakuwa anasikiliza redio. Tanuri limepoa, hana kazi nyingine asubuhi.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako