Herufi ya Mkono wa Kushoto

Shikamoo, Mamdogo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea nawe bila kukuamkia.

Nimemaliza shule. Tangu ulipotuacha, ninalala chumbani kwako. Dirisha bado linagoma kufungika.

Nakumbuka ulipoanza kusomea ualimu wa sanaa, na miaka yako arobaini. Kila jioni, hapa mtaani kwetu Bordesley Green, ulinikalisha mezani: "Wewe ndiye darasa langu zima, usisinzie!" Ulinifundisha kupamba herufi kwa mtindo wa Kiselti, kama watawa wa Ayalandi walivyopamba vitabu vyao zamani. Vitone kwanza, kisha utepe unaopita juu, chini, juu, chini, mpaka fundo linajifunga.

Siku moja mkufunzi wenu aliwachoresha kwa mkono msiouzoea, ili mjue mwanafunzi anavyohangaika. Ulirudi na Z ya mkono wa kushoto, imepinda, ukaibandika kwenye friji. Mama akasema, "Zuhura, hiyo herufi au tambi zimemwagika?" Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Na mimi, niliyekuwa naficha michoro yangu chini ya godoro, kesho yake nikakuonyesha mmoja.

Ugonjwa haukukuacha umalize masomo. Hilo bado linaniuma. Linaniuma sana.

Wiki iliyopita nilijaribiwa kwa kazi ya msaidizi wa mwalimu wa sanaa, shule moja ya msingi kule Acocks Green. Niliambiwa nifundishe dakika kumi. Unanijua, Mamdogo, hata chipsi ulikuwa unaniagizia wewe. Nilibandika herufi zangu bora, zenye rangi ya dhahabu. Sauti ikagoma. Watoto wakazitazama, na binti mmoja akaweka penseli chini: "Mimi siwezi hiyo."

Nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, nikachora herufi ubaoni.

"Mwalimu, huyo nyoka anaumwa?"

"Anaumwa tumbo," nikasema. Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipoanza kusema juu, chini, sauti ilikuwa imerudi. Yule binti alikuwa ameshaokota penseli yake.

Jana walipiga simu. Naanza Jumatatu! Mama alilia, halafu akaniuliza nitavaa nini.

Nimeamua kusomea ualimu, Mamdogo. Sijui itachukua miaka mingapi. Ila nakuahidi, mtoto atakayekaa nyuma kimya, akifunika karatasi yake kwa mkono, sitamharakisha. Nitavuta kiti nikae karibu naye mpaka aondoe mkono mwenyewe.

Mungu akupumzishe kwa wema. Nakupenda.

Mwanao,
Salma