Themanini na Tatu Iliyogeuzwa Themanini na Nane

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijagombana na nyumba nzima, maana hapa nilipo mume wangu hanisemeshi, mwalimu ananiona mwendawazimu, na mtoto mwenyewe ndiyo sijui hata nikueleze vipi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nimeshona sare za watoto wa watu miaka kumi na minne huku mimi mwenyewe shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo Mungu aliponipa binti mwenye akili nilisema huyu hachezi, huyu nitamsimamia mwenyewe. Tangu darasa la kwanza namwita Profesa, na mtaa mzima unamwita hivyo, sasa ana miaka kumi na moja, yuko darasa la sita, na hajawahi kutoka tatu bora mpaka muhula uliopita alipokuwa wa saba. Wa saba, mshauri! Nikamuuliza, "Hao sita waliokupita wana vichwa viwili?" akasema, "Hapana, mama," nikamwambia basi aandike majina yao kwenye karatasi kubwa, tukaibandika ukutani juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, ndipo anaposomea, ili kila akiinua macho awaone. Wa nne kwenye orodha ni rafiki yake anayekwenda naye shule, na sasa nasikia kila mmoja anapita njia yake, lakini mimi sikumwambia amnunie mtu, nilimwambia ampite tu. Kamba yake ya kuruka nikaiweka juu ya kabati, Jumamosi nikamtafutia masomo ya ziada, na nikamwambia wazi kwamba karatasi yoyote yenye maksi chini ya themanini na tano asiniletee.

Ndipo tumbo likaanza. Kila asubuhi ya mtihani ni tumbo, anatapika chai yote, na wa kumbadilisha sare ni mimi. Nikampeleka hospitali, daktari akapima kila kitu asione kitu, akaniuliza, "Mama, nyumbani kuna nini?" Nikamjibu, "Nyumbani kuna mitihani, daktari, kuwe na nini kingine?" Akamtazama mtoto, akaandika anayoyajua, tukarudi.

Sasa wiki iliyopita mwalimu wake wa hesabu akaniita. Nikaacha sketi tisa mezani nikaenda mbio nikijua naitwa kupongezwa, kwa sababu siku chache kabla Profesa alikuwa ameniletea karatasi ya themanini na nane nikaisaini. Mwalimu akaitoa karatasi ileile, akaniambia, "Mama, itazame vizuri hiyo nane ya mwisho." Nikaitazama. Ilikuwa tatu, imeungwa kwa kalamu nyekundu. Hasira zikanipanda palepale, nikasema huyu leo atanitambua. Mwalimu akanishika mkono. "Subiri, mama. Mtihani huu ulikuwa mgumu, nusu ya darasa wameanguka. Themanini na tatu ndiyo maksi ya juu kuliko zote. Binti yako ndiye wa kwanza." Halafu akanionyesha chini, pale nilipotia saini. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: Ongeza bidii.

Nyumbani nikamketisha, nikamuuliza kwa nini amenidanganya. Akasema kwa sauti ndogo, "Ulisema chini ya themanini na tano nisikuletee."

"Si ungenieleza kwamba umekuwa wa kwanza?"

"Ungeniuliza kumi na saba zimekwenda wapi."

Mshauri, huo si ujeuri huo? Na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani yupo siku mbili tu kwa wiki, badala ya kunisaidia kumkanya akaibandua ile orodha ukutani, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Umemfanya mtoto aibe maksi zake mwenyewe," akatoka. Rahisi kwake kuwa mpole, si yeye anayekagua madaftari!

Nikaona dawa ni shule ya bweni yenye nidhamu kali, na fomu nimeshaichukua. Nilidhani nikimtajia atalia, ataomba msamaha, tuyamalize. Akaniuliza swali moja tu: "Huko wazazi wanakuja mara ngapi?" Nikamwambia mara moja kwa muhula. Mshauri, mtoto yule alikwenda chumbani akaanza kukunja nguo zake. Tangu siku hiyo amefanya mitihani miwili na tumbo halijamuuma. Nimpeleke au nisimpeleke? Na nimemkosea nini, mimi ninayemtakia mema?

Mama Profesa

*

Mama Profesa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kulinishinda. Unauliza umemkosea nini, na makosa yote umeyaorodhesha mwenyewe, moja baada ya jingine, kisha ukatia saini.

Najua wewe si mkatili. Mama mkatili haachi sketi tisa mezani akakimbilia shule. Lakini kidato cha tatu ulichokikosa wewe, huyu mtoto hawezi kukusomea. Kama kiu ya shule bado unayo, madarasa ya watu wazima yapo. Jiandikishe, beba daftari lako, nawe utapike chai asubuhi ya mtihani, ndipo tuzungumze habari za bidii.

Umesema tumbo limeacha kuuma tangu aanze kukunja nguo, na umeliandika hilo kama jambo dogo tu. Mwenzangu, hilo ndilo jambo lenyewe! Mtoto wa miaka kumi na moja akiambiwa anaondoka kwa mama yake, hulia. Wako amepona.

Na usimwite jeuri. Ulimuuliza, akakujibu kweli. Omba asichoke kukujibu.

Sasa nisikilize. Fomu irudishe. Bweni si baya, ila asiende huko kwa sababu anakukimbia. Mumeo msemeshe wewe kwanza, halafu mwambie kutoka kwangu kwamba kubandua karatasi na kutoka nje si malezi. Siku zake mbili akae na binti yake mezani. Kisha mketishe binti umwambie, "Nilikosea, mwanangu." Uishie hapo. Najua "lakini" itafika kwenye ncha ya ulimi, imeze. Ile kalamu nyekundu nayo tusiifumbie macho. Mwalimu anajua, lakini binti aende akamwambie kwa mdomo wake alichofanya, nawe ukae kando yake, useme mbele ya mwalimu kwamba aliyepanga themanini na tano ni wewe. Baada ya hapo yamekwisha, hakuna adhabu ya pili. Kamba ishushe kabatini leo, kabla hujashona kitu. Masomo ya Jumamosi yafute. Rafiki yake mkaribishe nyumbani kwa mdomo wako mwenyewe, na ukae mbali wakicheza. Daktari naye umrudie, safari hii umjibu alichokuuliza.

Hatakuamini upesi. Wiki za mwanzo atakuletea karatasi zake na kusimama mbele yako akingoja hukumu. Iwe ina tisini, iwe ina arobaini, igeuze uso chini kwanza, umuulize leo alicheka na nani. Halafu zima cherehani, umsikilize mpaka amalize, hata kama mteja amesimama mlangoni anadai sketi yake.