Toleo la Zamani Nililifuta Mimi

Haji, ndugu yangu,

Kompyuta yako iko kwangu Jang'ombe. Binti yako Maryam aliileta baada ya arubaini yako, akasema baba alitaka ibaki kwa Mzee Makame. Nafsi ilinisuta, lakini niliipokea.

Unakumbuka tulivyoanza, walimu wawili wastaafu, katika chumba chako cha juu Mji Mkongwe? Hesabu za maji kupwa na kujaa nilizifanya mimi. Programu ya simu uliitengeneza wewe, na wanawake wanaolima mwani wakajua saa ya kuteremka pwani bila ya kumuuliza mtu. Wakakuita Mwalimu wa Maji. Mimi walinipa shikamoo yangu, kisha wakakugeukia wewe. Nimelala hoi kitandani, Haji, na bado linaniuma.

Kwenye Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta yako, uliweka matoleo mawili ya zile zana za kutengenezea programu, kila moja na folda yake. Jipya la kujaribia, la zamani la programu ya maji, ambayo bila hilo haifanyi kazi. Juu ya daftari lako uliandika kwa wino mwekundu: la zamani lisiguswe.

Ulipokwenda Kidichi harusini kwa mpwa wako, nililigusa. Nilijiwekea nakala kwenye flashi, nikaandika amri moja, folda yote ikaondoka. Kisha nikaifuta hata amri yenyewe kwenye orodha ya amri zilizopita, usije ukaona mkono wangu.

Uliporudi ukataka kuongeza saa za mwezi mpya, programu ikagoma. Ulipekua daftari ukurasa kwa ukurasa. Ulitafuta mtandaoni, toleo lile lilikuwa limeshaondolewa. Ukaniuliza. Nikasema, "Labda umelifuta mwenyewe, ukasahau."

Ukacheka kidogo. "Basi nshazeeka, Makame."

Tangu siku ile hukuifungua tena kompyuta. Ulianza kumuuliza Maryam kama umeshasali.

Ulipougua ukaniita tutakane radhi. Ukaomba nikusamehe, kwamba usahaulifu wako umeipoteza kazi yetu. Nami nikajibu, "Nimekuradhia."

Nilikusamehe kosa langu mimi.

Sasa zamu yangu. Watu wanakuja kunitaka radhi kabla sijaondoka. Jana asubuhi niliwekewa kompyuta kitandani, nikairudisha folda kutoka kwenye flashi. Programu ikakubali mara ya kwanza, jina lako likatokea juu. Nilianza kuandika langu chini yake. Herufi tatu, Haji. Nikazifuta.

Maryam anakuja kesho baada ya alasiri. Huwaambia watu kuwa akili ya baba yake ilianza kumtoka kwa programu ile. Nitampa barua hii aisome kwa sauti mbele yangu. Nikisema kwa mdomo, nitapunguza, najijua.

Pumzika, ndugu yangu. Atajua kwamba hukusahau kitu. Radhi yako nitakuja kuitaka mwenyewe.

Makame